Brenda, Umeadimika

Akaunti ya mwisho ya Carl Womersley ilikatwa siku ya Jumapili, nyama ya kuoka ikiwa bado mezani. Simu ilitetemeka kando ya sahani, akaichungulia, akaweka uma chini. Kampuni ilimwandikia kwa adabu zote kwamba inafurahi kuwa naye kama mteja, ila kuanzia leo asitegemee tena beti za bure, bonasi, wala zawadi ya aina yoyote.

"Wamenikata," alisema.

"Nani tena?" Kerry, mkewe, alikuwa anamimina mchuzi juu ya viazi.

"Wale wa kijani. Ndio walikuwa wamebaki."

"Si ulisema hao hawana shida?"

"Hawakuwa na shida. Leo wanayo."

"Kula kwanza, kipenzi," alisema Brenda, mama yake Kerry. "Nyama ikipoa haina ladha."

Tusimwonee Carl. Hakuwa mcheza kamari, na ukimwita hivyo alikasirika hadi masikio yakawa mekundu. Kampuni ikitoa beti ya bure, yeye aliitumia kubeti timu fulani ishinde. Papo hapo aliingia kwenye tovuti nyingine, ambako watu hubeti wenyewe kwa wenyewe, akabeti timu hiyohiyo isishinde. Mpira uende utakakoenda, upande mmoja ungemlipa, na kwa kuwa beti moja haikutoka mfukoni mwake, kila mara kilibaki kitu. Mikeka ya wenzake pale ghalani alikofanya kazi ilichanika kila Jumamosi, wa kwake haukuchanika hata siku moja. Alikuwa anaendesha foklifti siku tatu kwa wiki, na kwa mshahara huo pekee wangekuwa wanakula mikate mitupu. Hicho kitu kilichobaki ndicho kilicholipa gesi, kikamnunulia binti yao viatu vya shule, na Agosti kikawapeleka kisiwani Tenerife wiki nzima. Brenda alibaki mjini kwao Barnsley, Uingereza, kumlisha paka wao.

Lakini kampuni za kubeti si za wajinga. Mtu asiyepoteza wanamnusa kutoka mbali. Walianza kumkata Carl mmojammoja, akahamia kwenye jina la Kerry. Nalo likakatwa. Akahamia kwenye la Dale, kaka yake Kerry, likakatwa ndani ya miezi miwili. Krismasi iliyopita, akiwa na kofia ya karatasi kichwani na bia mkononi, alimweleza Dale siri ya biashara ile mbele ya familia nzima.

"Ofa wanampa anayepoteza tu, bwana. Ukiona kampuni inakubembeleza, jua inakula kwako."

Walicheka wote. Hata Brenda alicheka.

"Sasa tutafanyaje?" Kerry aliuliza.

"Bado ipo ya Brenda," Carl alisema, akarudisha uma mkononi. "Ya Brenda ni dhahabu tupu. Wiki hii peke yake wameleta ofa nne. Sijui ana nyota gani huyu mama."

Brenda aliikata karoti yake vipande vidogovidogo, asiile.

"Na jiwe la Baba, Mama?" Kerry alisema. "Nilipita pale makaburini juzi. Ule msalaba wa mbao umeanza kuoza chini. Mwaka na nusu sasa."

"Udongo haujatulia, kipenzi."

"Mama!"

"Ukiweka jiwe mapema linainama. Muulize yeyote. La Bi Hoyle liliinama mpaka wakaja kulinyanyua na mashine."

"Miezi sita wanasema. Mwaka, kama mvua ni nyingi. Huo ni udongo gani usiotulia mwaka na nusu?"

"Udongo wa Barnsley," Brenda alisema, na Carl akacheka hadi akapaliwa na kiazi.

* * *

Jumatano alikwenda kwa Brenda kama kawaida. Ilibidi aende mwenyewe, kwa sababu kampuni zinaona mtandao unatoka nyumba gani, na akaunti ya bibi mjane ikianza kufunguliwa kutoka kwa mkwewe aliyekwisha kukatwa, wangeunganisha mambo. Kwa hiyo kazi ya Brenda ilifanyika kwa Brenda, kwenye tableti ya Brenda, juu ya meza ileile ambapo marehemu mumewe, Derek, alikuwa akiwafungia njiwa wake wa mashindano pete miguuni.

Brenda alimfungulia mlango akiwa amevaa koti.

"Unatoka?"

"Hapana. Ingia, usiruhusu baridi."

Baridi ilikuwa ndani. Carl alilishika lile bomba la joto ukutani kwa kupita tu, akalikuta limepoa kama chuma cha barabarani. Brenda aliona.

"Daktari anasema mtu ajizoeze. Joto jingi linaleta mafua."

"Daktari gani huyo?"

"Wa kwenye televisheni."

Alimletea chai. Ilikuwa nyepesi, ya majani yaliyokwisha kutumika, na pembeni pana biskuti moja. Zamani Brenda alikuwa anatoa bati zima na kugomba usipokula. Carl aliila ile moja, akafungua tableti, akaanza kazi.

Hapa niseme jambo ambalo Carl hakumwambia mtu, hata mkewe. Akaunti ya jina la Brenda ilipofunguliwa, Novemba iliyopita, Carl alikuwa amechoka kukatwa. Alijua dawa yake. Wenye kazi ile wote wanaijua: unajifanya boya. Unaweka beti za kijinga hapa na pale, unapoteza makusudi kidogo, kampuni inakuona wewe ni kondoo kama kondoo wengine na inakuacha. Na boya kuliko wote ni yule anayecheza mashine, zile za kuzungusha matunda na almasi kwenye kioo, kwa sababu mashine haina mahesabu ya kuishinda. Basi akamkalisha Brenda kwenye kiti hichihichi.

"Kila siku ukinywa chai ya saa kumi, zungusha mara chache. Peni kumi kumi. Nitakuachia pauni tano za wiki."

"Na nikishinda?"

"Hutashinda. Ndio maana yake. Hii ni kazi, Brenda. Usipopoteza kidogo watatushtukia."

Brenda alipika chakula cha shule miaka ishirini na sita, na kazi akiagizwa aliifanya ilivyoagizwa. Saa kumi ikifika alikaa na kikombe chake na kuzungusha. Wiki ya tatu alishinda pauni themanini, akampigia Carl simu kwa furaha ya mtoto, na Carl akamwambia safi sana, endelea.

Na kuna jambo la pili. Mwezi wa Juni, akitafuta bonasi kwenye akaunti ile, Carl alibonyeza ukurasa asiouzoea akaona pauni mia mbili zimeingizwa kutoka kadi ya Brenda. Yeye hakuziweka. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, na mwingine. Angeshusha kidole kidogo tu angeona yote. Lakini Brenda alikuwa anakuja na chai, ofa siku hizo zilikuwa zinamiminika, na tiketi za Tenerife zilikuwa nusu zimelipwa. Alifunga ukurasa. Toka siku hiyo hakuufungua tena, na akijikumbusha alijiambia huenda lilikuwa kosa la benki.

Simu ya Brenda ililia juu ya meza. Carl aliisoma kwa sauti.

"'Brenda, umeadimika! Tumekuwekea mizunguko hamsini ya bure.' Ona! Wanakupenda hawa."

"Wananiita kwa jina," Brenda alisema.

"Ni kompyuta hiyo, Brenda. Inaita kila mtu."

"Najua ni kompyuta. Lakini tangu Derek aondoke, simu hii ni wao na hospitali. Siku yangu ya kuzaliwa walinipigia kabisa. Msichana mmoja, sauti nzuri. Nyinyi mlikuwa Tenerife."

Carl alicheka, maana alidhani ni utani. Alipomaliza alimwekea noti ya pauni ishirini chini ya kisahani, kama fungu lake. Brenda aliichukua na kuitia mfukoni kabla hata Carl hajafika mlangoni. Carl alikwenda hadi kwenye gari akijiambia kwamba wazee ndivyo walivyo na hela. Hakuyaamini sana hayo, ila aliwasha gari.

* * *

Ijumaa Kerry aliomba ruhusa kazini, kwenye nyumba ya wazee anakofanya zamu za asubuhi. Alikuwa ameweka akiba yake ndogo ndani ya kopo la unga ili ammalizie mama yake malipo ya jiwe, iwe zawadi. Jiwe lenyewe walilichagua pamoja: jeusi, jina kwa herufi za dhahabu, na juu ya jina njiwa mmoja amekunjua mabawa. Brenda alikuwa ametoa kianzio kikubwa kutoka kwenye hela aliyoacha Derek.

Kwa bwana Pickersgill, fundi wa mawe, walikuwepo mke na mume wanachagua la mama yao. Kerry alisubiri, akapapasa mawe, kisha akaenda mbele na bahasha yake.

"Nimekuja kumalizia la Derek Sykes. Lile la njiwa."

Bwana Pickersgill alivua miwani. "Bi Kerry. Mama yako hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

Alitupa jicho kwa wale wateja, akapunguza sauti, lakini kile kibanda ni kidogo na mawe yanarudisha sauti. "Alikuja Februari kuomba kianzio chake. Kwa kawaida haturudishi. Ila alilia hapahapa, aliposimama huyo dada. Nikamrudishia. Jiwe lenyewe nimeshalichonga jina la mtu mwingine."

Yule dada alisogea kutoka aliposimama, kana kwamba sakafu ina maji.

"Alisema za nini?"

"Alisema amebadili mawazo. Sikuuliza zaidi, na yeye mjane." Bwana Pickersgill alijaribu kusaidia. "Lakini tunaweza kuanza upya, kidogo kidogo kila mwezi. Siku hizi wengi wanafanya hivyo. Hakuna aibu."

Mtu akikwambia hakuna aibu, ujue kila mtu pale ameshaiona. Kerry alishukuru, akarudisha bahasha kwenye mkoba, zipu ikakwama, akahangaika nayo mbele yao wote watatu mpaka ikafunga. Nje alisimama kwenye manyunyu akampigia Carl.

"Njoo kwa Mama. Sasa hivi."

"Niko kazini, mpenzi."

"Carl, hela ya jiwe la Baba haipo. Kuna mtu anamwibia Mama. Njoo."

Carl aliegesha foklifti katikati ya njia na kwenda na fulana yake ya rangi ya chungwa. Njia nzima alijua. Taa nyekundu zilimpa muda wa kujua vizuri zaidi, na kila taa alitunga uongo mpya wa kujifariji, na hakuna hata mmoja uliofika taa inayofuata.

* * *

Alipoingia, Kerry alikuwa amesimama katikati ya sebule na mkoba bado begani. Brenda alikuwa kwenye kiti chake na koti lake, mikono mapajani, kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

"Mwambie," Kerry alisema. "Mwambie Carl ulichoniambia."

"Nimezicheza," Brenda alisema. "Kwenye mashine."

"Zote! Kianzio cha jiwe, akiba yote ya Baba, na pensheni kila inapoingia. Mungu wangu, Mama, unakaa gizani na baridi hivi kwa ajili ya picha za machungwa?"

"Mwanzo zilikuwa peni kumi."

"Nani alikuambia uanze?"

Carl alikuwa bado amesimama kwenye mkeka wa mlangoni. Alimtazama Brenda, na Brenda akamtazama. Haikuchukua muda, lakini yule mama aliona hofu yote iliyokuwa kwenye uso wa mkwewe.

"Nilianza mwenyewe," alisema. "Nilikuwa mpweke. Niliona tangazo kwenye televisheni."

"Na uongo wote ule! Udongo haujatulia! Nimekuwa nawaambia watu dukani udongo haujatulia!"

"Nilidhani nitazirudisha kabla haujatulia."

Kerry alikaa kwenye mkono wa kiti akaanza kulia. Alilia kwa hasira, akipangusa pua kwa mkono wa sare yake. "Mbona hukumwuliza Carl? Carl anafanya haya mambo miaka minne, hajapoteza hata senti. Angekwambia. Si ungemwambia, Carl?"

"Ningemwambia," Carl alisema.

Aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo. Brenda aliinamisha uso, akaanza kukung'uta makombo kwenye koti, na makombo hayakuwepo.

"Haya," Kerry alisema, akainuka. "Wewe ndiye mjuzi. Ifunge hiyo akaunti. Ifunge sasa hivi nikiona, halafu tumwandikishe kwenye ile orodha ya kujizuia, asiweze kufungua nyingine popote. Fanya, Carl. Bila wewe sijui hata pa kuanzia."

Carl alikaa mezani kwenye kiti chake cha Jumatano na kuvuta tableti. Kerry alisimama nyuma ya bega lake. Kampuni ilikuwa na dirisha dogo la kuzungumza na mhudumu, Carl akaandika kwamba anataka kufunga akaunti. Mhudumu alijibu upesi, kabla hata Carl hajaeleza sababu.

"'Brenda, tunasikitika kukuona ukiondoka!'" Kerry alisoma kwa sauti. "'Wewe ni mteja wetu wa thamani. Ukibaki nasi leo, tunakuwekea beti ya bure ya pauni mia moja.'"

Vidole vya Carl vilisimama.

Ni ya kweli hii, sikuzuii kumcheka. Pauni mia ya bure, ukiibeti pande zote mbili, inaacha sabini, sabini na tano hivi. Ilikuwepo mechi Jumamosi inayofaa kabisa. Kichwa chake kilikokotoa chenyewe, kama mguu unavyoruka daktari akigonga goti. Kisha akakumbuka yuko wapi, lakini wote wawili walikuwa wameshamwona.

"Carl," Kerry alisema polepole. "Hawa si ndio wale wa kijani?"

"Ndio."

"Waliokukata Jumapili?"

"Ndio."

"Wewe wamekukata, na Mama wanambembeleza. Kwa nini?"

Brenda alisema, "Kerry, mwache, kipenzi, amalize," lakini Kerry hakuwa wa kuachia.

"Ulisema mwenyewe. Krismasi, na lile likofia lako. Ofa wanampa nani?"

"Anayepoteza."

"Sikusikii."

"Wanampa anayepoteza."

"Na ofa za Mama zilikuwa zinakuja nne kwa wiki. Ukasema ana nyota." Kerry alizunguka meza ili amwone usoni. "Wewe unaijua biashara hii kama kiganja chako. Usiniambie hukujua."

"Mimi ndiye niliyemfundisha," Carl alisema.

Yalimtoka hivyo, bila mpango, na yakafuatana. Alisema habari ya kujifanya boya, na chai ya saa kumi, na pauni tano za wiki, na jinsi alivyomwambia Brenda kwamba ni kazi. Alisema Brenda hakuona tangazo lolote. Brenda alikuwa anatikisa kichwa muda wote, si kwa kukataa, kwa kumwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuumiza Carl kuliko macho ya mkewe.

"Lakini hukujua anaweka hela zake," Kerry alisema. Alisema kama mtu anayemnyooshea mkono mwenzake aliye majini. "Sema hukujua."

Carl angeweza kuushika mkono ule. Hakuna aliyemwona siku ile, na ukurasa ule ungekufa na akaunti.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Juni."

Kerry aliinua kichwa akitazama dari, midomo ikicheza. Alikuwa anahesabu miezi.

"Tenerife ilikuwa Agosti," alisema.

"Ndio."

"Kwa hiyo Juni ulijua. Na hela za Tenerife zilitoka kwenye ofa za Mama. Na ofa za Mama zilitoka kwa sababu anapoteza. Na alikuwa anapoteza jiwe. Tulikwenda kuogelea kwa jiwe la baba yangu. Na yeye tukamwacha na paka."

"Paka hakunisumbua," Brenda alisema, na Kerry akatoa sauti ambayo sitajaribu kuiandika.

Kwenye kioo mhudumu alikuwa bado anasubiri. Brenda, je, bado upo nasi? Brenda aliinuka, akamsogeza Carl pembeni kwa kiwiko kama alivyokuwa akiwasogeza watoto kwenye foleni ya chakula, akavaa miwani yake. Aliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Hapana asante. Funga. Kisha akamuuliza Kerry, si Carl, orodha ile ya kujizuia iko wapi.

* * *

Jiwe lilisimamishwa Aprili. Lililipwa kidogo kidogo, kama alivyoshauri bwana Pickersgill. Bomba la joto la Brenda liliwaka tena, na Kerry alikuwa anapita kila jioni baada ya zamu kulishika. Carl aliacha kubeti na kuchukua kila zamu waliyompa ghalani, hata za sikukuu. Nyumbani mkewe alizungumza naye habari za binti yao na habari za pipa la taka, basi. Kitanda walikuwa wanalala kimoja, kwa sababu cha pili hawakuwa nacho.

Siku ya jiwe Kerry alimwambia abaki garini. Carl alibaki. Aliwaona kupitia kioo chenye mvua, Kerry, binti yao na Dale, migongo tu, na jiwe lile jeusi kati yao. Kisha akaona koti la Brenda likija kuelekea kwake katikati ya makaburi, polepole, likikwepa madimbwi. Aligonga dirisha.

"Shuka."

"Kerry kasema nibaki."

"Kerry ni mwanangu, si askari. Shuka. Derek hakuwa mtu wa kinyongo." Alisubiri mpaka mlango ukafunguka. "Mimi ninacho, usijidanganye. Lakini humo ndani utapata mafua."

Alimshika mkono, kwa sababu nyasi zilikuwa zinateleza. Wakiwa njiani simu ya Brenda ililia mfukoni, na wote wawili wakasimama. Aliitoa, akaisogeza mbali na macho kuisoma.

"Hospitali," alisema. "Miadi ya macho." Akairudisha. "Saa kumi ikifika bado naitazama, unajua. Naweka chai, naitazama. Hakuna anayeniita."

Carl alimwomba msamaha, kwa mara ya ngapi sijui, na Brenda akasema, "Ndio, ndio, angalia hapo pana matope."

Jiwe lilikuwa zuri. Lilikuwa na jina na miaka yake, na juu ya jina nafasi laini, nyeusi, tupu, ya upana wa viganja viwili. Carl aliitazama.

"Hapo ni pa njiwa," Brenda alisema. "Hela haikufika. Pickersgill anasema anaweza kuja kumchonga hapahapa, hata jiwe likiwa limesimama. Nimemwambia mkwe wangu atakuja kuonana naye."

"Nitakwenda Jumatatu."

"Na iwe ya mshahara."

"Ya mshahara."

Brenda alipeleka mguu wake mbele, akakanyaga udongo chini ya jiwe, mara moja, kisha kwa nguvu zaidi. Ulikuwa mgumu kama njia ya watu.

"Umetulia," alisema. "Mimi ndio bado."

Kerry hakugeuka. Ila alisogea kidogo upande wa binti yake, na wao wawili wakapata pa kusimama.